Benki yetu ya Kilimanjaro iliishia wapi, na ushauri mbaya nilioutoa Januari 2018

Wiki hii siandiki habari za chulebuni wala kutu ya majani. Nimepata maswali mengi, mengine kwa simu, mengine nikiwa njiani na pikipiki yangu, na karibu yote ni lile lile: "Bwana Shamba, ile benki yetu ya ushirika iko wapi siku hizi? Imekufa au imeuzwa?" Nimeona nijibu kwa maandishi mara moja, na ndani ya jibu hilo kuna kosa langu mwenyewe ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mama niliyemkosea amenipa ruhusa niliseme, mradi nisimtaje jina.

Nianze na mwaka 1996. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baba alirudi jioni kutoka mkutano wa chama cha msingi akiwa amevaa lile koti lake la mikutano, akakaa kwenye kigoda nje, akamwambia mama, "Leo tumenunua benki." Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Nyumba yenyewe ilikuwa na chumba kimoja kisichovuja, halafu mwenye nyumba amenunua benki! Lakini baba hakuwa anatania. Chama chake, kama vyama vingine vya msingi vya kahawa mkoani, kilikubali kuingia kwenye hisa za Benki ya Ushirika Kilimanjaro, ile tuliyoizoea kwa jina la KCBL, ambayo ilianza kazi Moshi mwaka huo.

Ili umwelewe baba, lazima ujue wazee wetu walikuwa wametoka wapi. Kahawa yetu imekuwa na ushirika tangu miaka ya 1920, na KNCU yenyewe ni ya mwaka 1933. Lakini wakati wote huo fedha ya kukusanyia kahawa ilitoka mahali pengine. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki za kigeni zilitaifishwa, ikabaki NBC kama benki ya biashara karibu kwa nchi nzima. Upande wa mikopo ya vijijini kulikuwa na benki nyingine ya serikali, ambayo kuanzia mwaka 1984 iliitwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB. Tena ushirika wenyewe ulipigwa dharuba: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kuanzia miaka ya 1980. Mzee aliyepitia hayo yote alijifunza kwamba chombo cha fedha ni cha mtu mwingine, kiko mjini, na kikipiga chafya huku mlimani sisi tunaugua.

Ndipo ikaja Tume ya Nyirabu, na sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ikaruhusu watu binafsi, vyama na kampuni kuanzisha benki. NBC ilikuwa inapunguzwa, matawi yake kadhaa ya vijijini yakafungwa, na mwaka 1997 ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo. CRDB nayo ikabinafsishwa mwaka 1996. Angalieni hapo: mwaka ule ule ambao benki ya ushirika ya serikali ilibadilika kuwa benki ya kawaida ya biashara, wakulima wa Kilimanjaro wakafungua ya kwao. Kwa akili ya baba ilikuwa hesabu nyepesi. Walioondoka wameondoka, basi tujijengee.

Sasa tatizo lilikuwa saa. Benki ilizaliwa wakati mbaya. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima. Mpaka wakati huo mkulima alikuwa na mlango mmoja tu, chama cha msingi. Baada ya hapo akawa na milango mitatu au minne, na mmoja wapo unalipa taslimu siku hiyo hiyo. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya kahawa duniani ikaanguka vibaya sana. Wenye umri wangu mnakumbuka. Watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, mahindi na migomba mitupu. Hata nyumbani kwetu baba alikata mistari miwili ya mibuni ya babu, akaja ndani hakula siku hiyo.

Nawaomba msiniache hapa, maana hapa ndipo penye kitu ambacho mkulima na mwenye duka la kijijini wanatakiwa kukielewa kuliko majina ya benki zote.

Chukulia wewe ni mfanyabiashara wa mahindi. Una milioni moja yako mwenyewe. Majirani wamekuamini, wamekuwekea milioni tisa uwatunzie. Jumla una milioni kumi mkononi, na zote umezikopesha kwa watu wa mahindi. Ikitokea laki nane hazikurudi, umeumia wewe. Umebaki na laki mbili zako, lakini majirani wote ukiwaita leo unaweza kuwalipa. Ikitokea milioni moja na nusu hazikurudi, yako imekwisha yote na laki tano za majirani zimeondoka nayo. Ile milioni moja yako ndiyo inaitwa mtaji. Kazi ya mtaji wa benki siyo kujengea jengo zuri lenye kioo. Kazi yake ni kupigwa kwanza, kabla kipigo hakijamfikia mwenye akiba. Ndiyo maana Benki Kuu haisubiri mtaji uishe kabisa. Ukishuka chini ya kiwango inagonga mlango.

Halafu fikiria benki ambayo wateja wake wengi wanaishi mkoa mmoja, wanalima zao moja, na wanauza mwezi mmoja. Bei ikishuka, anayeweka akiba anaitoa ale, na aliyekopa anashindwa kulipa, yote kwa wakati mmoja na kwa sababu moja. Ukiwa na benki yenye mfugaji wa Mbulu, mwenye hoteli wa Zanzibar na mwalimu wa Songea, mmoja akilia mwingine anacheka. Benki ya mkoa mmoja inalia yote kwa pamoja. Jambo hili halihitaji wizi wala uzembe wa mtu. Hata ukiweka malaika kwenye kiti cha meneja, kahawa ikianguka anaanguka nayo.

Na ukichanganya na tabia yetu ya kuuza pembeni, ndiyo kabisa. Chama kinakopa benki ili kikusanye kahawa. Mwanachama anachukua pembejeo za chama, kisha kahawa yenyewe anampa mnunuzi wa pembeni aliyekuja na gari usiku. Chama kinabaki na deni, benki inabaki na karatasi. Nasema "yetu" kwa makusudi. Hata nyumbani kwetu gari hilo la usiku lilishawahi kusimama.

Basi turudi kwenye kosa langu.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilitangaza kuzifunga benki tano kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Zilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, Efatha na Covenant. Mwezi Mei mwaka uliotangulia ilikuwa imeshafungwa ile ya Mbinga. Benki za jamii zilikuwa zimepewa miaka kadhaa zifikishe mtaji wa shilingi bilioni 2, na muda uliisha na mwaka 2017. Kwenye tangazo hilo hilo kulikuwa na benki nyingine tatu ambazo hazikufungwa, ila zilipewa miezi sita, mpaka 30 Juni 2018, zirekebishe mtaji wao. Moja ilikuwa Benki ya Wanawake, ya pili Benki ya Jamii Tandahimba kule Mtwara kwenye korosho, na ya tatu ni KCBL yetu.

Mimi nilisikia habari hiyo redioni nikiwa kwenye kibanda cha chai. Niliyoyasikia vizuri ni maneno mawili: Meru, na Kilimanjaro. Meru ni hapo tu, mtu anapanda Noah. Sikusikia tofauti ya kufungwa na kupewa muda. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilikuwa kijana mwenye stashahada ya kilimo, na pale kijijini mtu mwenye stashahada anaulizwa kila kitu, kuanzia mnyauko wa migomba mpaka siasa za Marekani, na ubaya ni kwamba anajibu.

Jioni hiyo nikampitia mama mmoja, mjane, mwenye kihamba cha karibu ekari moja. Nilikuwa namfuatilia kwa karibu kwa sababu alikubali kufanya jambo ambalo wazee wengi hapa wanalikataa: kung'oa mibuni ya zamani iliyochoka na kupanda miche bora kutoka TaCRI Lyamungo, ile inayovumilia chulebuni na kutu. Alishapima mashimo pamoja nami. Alikuwa anaweka fedha ya miche, ya vibarua na ya tanki la maji, na mvua za masika mwezi Machi ndizo zilikuwa za kupandia. Kwenye akaunti yake alikuwa na 1,840,000. Ilikuwa ni kahawa, ndizi, nguruwe wawili, na kidogo alichotumiwa na mwanae wa Dar es Salaam.

Nikamwamkia, akanikaribisha. Sikukaa hata kidogo. Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi na mapema nenda Moshi ukatoe zote. Usiache hata mia. Benki zinafungwa."

Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?"

Nikasema nina hakika.

Alienda. Benki ilimpa fedha yake yote bila shida yoyote. Akarudi nayo kwenye kikapu chini ya majani ya ng'ombe aliyonunua njiani ili asionekane, akaiweka juu darini kwenye debe la mahindi.

Najua mnasubiri niseme aliibiwa. Hakuibiwa hata senti moja. Yaliyotokea ndiyo yanayotokea kwa kila mtu anayeweka fedha ndani, ila hatuyasemi kwa sababu hayana mwizi. Mpwa wake wa bodaboda alivunjika gia, akaja kuazima laki mbili mpaka mwisho wa mwezi. Ukatokea msiba upande wa marehemu mumewe, mchango wa ukoo. Shule zikafunguliwa, mjukuu akarudishwa kwa ajili ya viatu na michango. Jirani aliyemsaidia wakati wa ugonjwa akaja na yake, naye huwezi kumwambia huna wakati mwenyewe unajua kilichomo kwenye debe. Fedha ilipokuwa Moshi alikuwa na jibu: "Iko benki, nauli ya kuifuata sina." Nilimnyang'anya jibu hilo. Ilipofika Pasaka ilikuwa imebaki kama laki sita. Ilipofika tarehe 30 Juni, siku ambayo mimi nilitabiri kwamba benki itakufa, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba zimebaki elfu arobaini na tano.

Mashimo tuliyopima yaliota majani. Masika yakapita. Na benki haikufungwa siku hiyo.

Baadaye nilipata aibu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu hii nilijipa mwenyewe kwa kusoma. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kinaitwa bima ya amana. Kumbe kuna Bodi ya Bima ya Amana, na kila benki yenye leseni inachangia humo. Benki ikifungwa, mwenye akiba analipwa na mfuko huo mpaka kiwango fulani, hata kama benki haina kitu. Mwaka ule kiwango kilikuwa 1,500,000. Kinachozidi hapo unasubiri ufilisi, yaani mali za benki ziuzwe na madeni yake yakusanywe, ndipo ujue unapata nini. Sasa fanyeni hesabu niliyoifanya mimi usiku huo nikiwa nimelala chali. Mama alikuwa na 1,840,000. Milioni moja na nusu ilikuwa na bima. Iliyokuwa hatarini, kama benki ingefungwa kweli, ni 340,000, na hata hiyo angekuwa na haki ya kusubiri fungu lake. Kwa kumwokolea 340,000 ambazo hazikupotea, nilimpotezea 1,795,000.

Na siyo fedha tu. Mche wa kahawa ukiupanda leo, unaanza kukulipa mwaka wa tatu hivi. Miche ya 2018 ingeanza kuzaa vizuri 2021, na mnajua wenyewe bei ya kahawa ilivyokwenda tangu hapo hadi mwaka 2025. Kila msimu watu wanaposhangilia malipo, mimi nampita yule mama na mibuni yake mizee na nasalimia haraka.

Haya. Benki zile tatu zilizopewa muda ziliishia wapi?

Benki ya Wanawake iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka huo huo wa 2018. Wateja wake wakawa wateja wa huko. KCBL iliendelea kupumua kwa shida, vyama na wadau wakitafuta mtaji, na baadaye CRDB ikaingia ikaweka mtaji na kusaidia kuiendesha. Mnaona mambo yanavyozunguka? Ile iliyokuwa benki ya ushirika ya serikali, iliyotuacha mwaka 1996, ndiyo iliyorudi kuja kuinua benki tuliyoianzisha mwaka huo huo. Baba aliposikia alisema tu, "Mtoto amemrudia mama," kisha akaomba maji ya kunywa.

Hapa jirani, benki ya Mwanga nayo ilikuwa ndogo ya wilaya, ikaona mbali. Mwaka 2020 iliungana na taasisi mbili nyingine, Hakika na EFC, ikawa Mwanga Hakika. Kule kusini Tandahimba walikuwa na ugonjwa ule ule wetu kwa jina la zao jingine. Sisi kahawa, wao korosho. Wanakumbuka msimu wa 2018, wanunuzi walipogoma kwenye minada kwa sababu ya bei, na Novemba serikali ikaamua kuinunua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, ikasombwa na jeshi. Ukiwa na benki wilayani humo, msimu kama huo ni mtihani wa kila mteja wako kwa siku moja.

Hatimaye mkoa wa kahawa na wilaya ya korosho zikawekwa chini ya paa moja. KCBL na benki ya Tandahimba ndizo zilizokuwa msingi wa Benki ya Ushirika Tanzania, hii mnayoiona imeandikwa Coop Bank, ambayo Rais Samia aliizindua Dodoma tarehe 28 Aprili 2025. Vyama vya ushirika vinashika asilimia 51 ya hisa. Makao makuu yako Dodoma. Kwa hiyo jibu fupi kwa walionipigia simu: haikufa, na haikuuzwa kwa mgeni. Iliingia ndani ya kubwa zaidi.

Je, ni jambo jema? Nitawaambia ninavyoona mimi, na mtu asinukuu kama msimamo wa halmashauri.

Kwa mwenye akiba ni jema, sina shaka. Korosho inauzwa kuanzia karibu Oktoba, kahawa yetu inaanza mapema zaidi, na ukiongeza pamba na tumbaku za mikoa mingine, benki inakuwa haitegemei mvua moja wala bei moja. Kile nilichokieleza juu, cha wote kulia kwa pamoja, kinapungua. Hakiishi, kwa sababu bado wengi wetu ni wakulima, lakini kinapungua.

Kwa mwenye hisa ni jambo la kuangalia kwa makini. Baba alisema "tumenunua benki" akiwa anajua jengo, anajua meneja, na anaweza kuvaa koti lake akaenda kuuliza. Leo chama chake ni sehemu ndogo sana ya kitu kikubwa. Huenda sehemu ndogo ya kitu kinachosimama ni bora kuliko sehemu kubwa ya kitu kinachoyumba, nami nadhani ni bora. Lakini sehemu ndogo ni rahisi kusahaulika. Niliuliza kwenye chama fulani, sikitaji, cheti cha hisa za benki kiko wapi. Mwenyekiti akamtazama katibu, katibu akatazama kabati. Mpaka leo sijaonyeshwa. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu wenu ujao, kabla ya ile ajenda ya mengineyo ambayo watu wanaanza kusimama, ulizeni: chama chetu kina hisa ngapi Coop Bank, ziliandikishwa kwa jina gani, cheti kiko wapi, na gawio likija litaingia akaunti ipi. Hisa siyo akiba. Hisa haina bima. Hisa ndiyo ile milioni moja ya mwenye mahindi, inayopigwa kwanza. Anayekuambia ununue hisa na anayekuambia uweke akiba wanakuambia vitu viwili tofauti, hata kama wamekaa meza moja na wamevaa fulana moja.

Kuhusu mikopo, hapo nina wasiwasi wa pande mbili. Benki ya mkoani ilikujua. Ofisa wake aliweza kupita akaona kama mibuni yako umeipogoa au imekuwa msitu. Kompyuta ya Dodoma haioni matawi. Lakini kujuana huko huko kulikuwa na sumu yake, maana kumdai mtu ambaye ni shemeji yako, na anakaa kiti cha mbele kanisani, ni kazi ngumu. Kwa hiyo sitalilia sana enzi hizo.

Kama ulikuwa na akaunti kwenye mojawapo ya benki zilizoungana, usikae kwa kusema "itajiweka sawa yenyewe". Nenda tawini na kitambulisho chako cha NIDA na kitabu au kadi yako ya zamani, uhakikishe akaunti iko hai, namba yake ni ipi sasa, namba yako ya simu ni hii unayotumia leo na siyo ile laini uliyoipoteza kwenye mfereji, na mrithi ameandikwa. Kisha peleka namba hiyo kwa katibu wa AMCOS yako kabla ya malipo ya msimu, kwa sababu malipo yakienda kwenye namba ya zamani utayafuata kwa wiki kadhaa. Wenye mikopo nao, msidanganyane vijiweni: benki ikiungana au hata ikifungwa, deni halifi. Linahamia kwa mpya au kwa mfilisi, na mfilisi hana undugu na mtu.

Kiwango cha bima ya amana siku hizi ni 7,500,000 kwa kila mwenye akiba katika benki moja. Wengi wetu hatufiki huko. Mfanyabiashara wa mazao ambaye fedha yake inazidi hapo wakati wa msimu anaweza kuigawa kwenye benki mbili. Wale wa VICOBA, fedha ya sanduku haina bima hii, na SACCOS zina utaratibu wake, muulizeni ofisa ushirika wa wilaya.

Na mkisikia tangazo redioni, lisikilizeni mpaka mwisho. Anayewaambia haya ni mtu aliyesikia nusu.

Mwaka 2025, mwezi wa nane, nilikwenda kwa yule mama. Safari hii nilikaa. Nilimweleza yote: bima, ile hesabu ya 340,000, benki mpya, kila kitu, na nikamwomba msamaha. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Aliniambia kwamba alishajua tangu mwaka ule ule, mwanae wa Dar es Salaam alimsomea kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia usingekuja tena, na nani angenipimia mashimo?"

Alikuwa ameshauza ng'ombe dume na ndizi za miezi miwili. Tulikwenda Moshi pamoja siku ya Jumanne, akanikataza nisizungumze chochote mpaka tutoke nje. Alimuuliza mwenyewe dada wa dirishani maswali yake, moja moja, na la mwisho lilikuwa kama kuna ada kila mwezi hata asipotoa kitu. Akaweka fedha, akapewa risiti, akaikunja ndani ya kanga. Tulipofika stendi akanipa orodha: miche mia mbili, na majembe mawili yatiwe mipini kabla ya mvua.